Kidonda Kisichotakiwa Kupona

Miaka ile ya vita vya Shifta, wapiganaji wa porini walipopambana na serikali, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, nilibeba maji mengi kuliko wasichana wengi wa Isiolo. Sasa naandika hivi bila haya, lakini wakati ule nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu Wameru mvulana mkubwa habebi debe kichwani. Dada zangu walikuwa wakisimama mlangoni kunitazama nikipita, wakicheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja wao alinielekeza kwa sauti kubwa namna ya kukaza shingo.

Nilibeba kwa sababu nilimtoa mtu damu.

Tulikuwa tumeteremka Isiolo baba alipopewa kazi ya udresa hospitalini, yaani kusafisha vidonda, kuvishona na kuvifunga. Tulikaa katika nyumba za serikali pamoja na makarani, walimu, na wauza miraa waliopanga vyumba karibu nasi. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na Chechelesi, na huko majirani zetu wengi walikuwa Waborana, watu wa mifugo. Kabla ya vita tulikuwa tukicheza nao kwenye mchanga wa korongo hilo. Vita vilipoanza, kila upande ukapata la kusema. Kwetu ilisemwa kwamba kila Mborana ana ndugu porini mwenye bunduki. Kwao ilisemwa kwamba kila Mmeru ni jicho la serikali. Watu wazima waliyasema hayo chini kwa chini, kisha wakaendelea kuuziana maziwa na viazi. Sisi vijana ndio tulioyachukua kwa nguvu zetu zote, tukaenda nayo korongoni, tukaokota mawe.

Sitaki kuyafanya mawe yale yaonekane mchezo. Mvulana mmoja wa kwetu alipoteza jicho. Mmoja wa kwao alivunjwa taya, akawa anakunywa uji kwa miezi. Chifu alituchapa viboko mbele ya watu. Polisi walitufungia selo kutwa nzima, na tulipotoka tulikuwa na hamu zaidi ya kupigana, maana sasa tulikuwa mashujaa.

Siku hizi nikiona vijana wameitwa ukumbini, wamepewa soda na fulana, wanaambiwa amani ni kitu kizuri, huwa natabasamu. Sidharau. Soda ni nzuri, na fulana ni nzuri zaidi. Lakini sisi tuliwezwa na mama zetu, na hawakutupa hata peremende.

Kila asubuhi wanawake wa Chechelesi walileta maziwa sokoni, na wanawake wa upande wetu wakaleta kabichi, maharagwe na viazi. Walikaa wakitazamana, wamegawanywa na njia moja nyembamba ya vumbi. Baada ya yule mvulana kupoteza jicho, walizungumza pale pale sokoni, bila kumwuliza mwanamume yeyote, wakatunga sheria. Ukimtoa mtu damu, utambebea mama yake maji: debe moja asubuhi, debe moja saa kumi jioni kabla ya kafyu, mpaka kigaga cha kidonda kianguke chenyewe. Mama huyo lazima akupe kitu cha kunywa, na wewe lazima ukinywe ukiwa umeketi ndani ya nyumba yake. Muda wote huo hakuna jiwe litakalorushwa na upande wowote. Na kila Ijumaa, aliyeumia na aliyeumiza wafike sokoni pamoja, kidonda kikaguliwe.

Mmoja wao akikosa kufika, au akitoroka, mama yake hatauza kitu wala hatauziwa kitu. Hapo ndipo sheria ilipokuwa na meno. Chifu unaweza kumcheka ukishafika mbali. Lakini ni nani atakayerudi nyumbani kumkuta mama yake amekaa na kapu la kabichi zinazooza, kisa yeye?

Mkaguzi alikuwa mwanamke mmoja mzee wa zile familia za Kisomali zilizotokana na askari wa zamani wa mkoloni. Marehemu mumewe alikuwa na malori, na yeye mwenyewe aliuza kanga na sukari. Hakuwa wa kwetu wala wa Chechelesi, kwa hiyo pande zote zilimkubali. Sote tulimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa akiinama juu ya kidonda, akikitazama kwa muda mrefu utadhani anasoma barua, kisha akisema neno moja tu, "Bado," au "Imepona." Hakuna aliyembishia.

Mimi nilikuwa fundi wa kombeo. Siku moja korongoni nililenga kundi zima, jiwe likampata kijana mmoja mguuni chini ya goti, pale ambapo ngozi imelalia mfupa. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Alikaa chini, akaushika mguu, damu ikapita katikati ya vidole vyake. Kabla jua halijatua mama yangu alikuwa na habari kamili.

"Kesho saa kumi na mbili," aliniambia. "Debe iko pale. Na usiniletee uso kama huo, si mimi nimekutuma kurusha mawe."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa Chechelesi. Mama wa kijana yule alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye macho yasiyoharakisha kitu. Alinitazama nikitua debe, nusu ya maji ikiwa imekwisha kunimwagikia mgongoni.

"Hii ni maji ama umeoga?" aliuliza.

Nilikamua shati langu.

"Kaa. Kunywa chai."

Nilikaa ukingoni mwa ngozi, tayari kukimbia. Nilikuwa nimeambiwa mengi kuhusu nyumba zile. Akanipa chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya moshi, kwa kuwa vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto. Nilidhani nimewekewa sumu. Nikainywa hivyo hivyo kwa kumwogopa mama yangu. Siku ya tatu nilikuwa naiwaza tangu nikiwa njiani. Siku ya kumi, nakiri, nilikuwa nikiongeza hatua.

Sijui niieleze vipi raha ya asubuhi zile. Nje kulikuwa na magari ya jeshi, watu wakisimamishwa barabarani waonyeshe vipande vyao vya utambulisho. Ndani mle kulikuwa na mama mmoja akikaanga buni nzima kwa samli, harufu ikajaa mpaka kwenye nguo zangu, akatutilia kiganjani mimi na mwanawe, tukatafuna. Mwanawe aliweka mguu wake ulioumia juu ya kigoda mbele yangu kusudi niuone. Wiki ya kwanza hatukusemezana. Wiki ya pili aliniuliza kama ni kweli sisi hula kabichi bila kulazimishwa. Wiki ya tatu alinifundisha kucheza bao katika vishimo vya mchangani, akanifunga kila siku, akawa ananiita "fundi wa kombeo" kila niliposhindwa. Nilimpenda kijana yule. Sikuwa na neno la kuliitia jambo hilo wakati ule, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Korongo nalo lilitulia. Vijana wenzangu walipita wakanizomea tu, na wenzake wakafanya hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba kidonda hakikupona. Ijumaa ya pili, "Bado." Ya nne, "Bado." Ya sita Ayeyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Warya, kijana, bado." Dada zangu walianza kusema kwamba nitaolewa Chechelesi. Nilipenda chai, nilipenda bao, lakini shingo iliniuma na kuzomewa kulinichosha. Zaidi ya hayo, nilianza kuingiwa na hofu ya kweli. Mimi ni mwana wa dresa. Nilijua kidonda cha mguuni kinachokataa kukauka kinaweza kumfikisha mtu wapi.

Basi nikafanya kosa langu. Niliiba dawa ya baba: mafuta ya kopo dogo na unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi. Nikampelekea yule kijana mama yake alipokwenda sokoni. Nilidhani ataogopa. Badala yake alinyoosha mguu haraka.

"Tia mingi," alisema.

Akamwambia mama yake kwamba mguu unamuuma mno, asiuguse, atauosha na kuufunga mwenyewe. Kila asubuhi nilipaka, nilinyunyiza, nilifunga, kama nilivyomwona baba akifanya. Nilijiona bingwa. Siku ya nane kigaga kilianguka, chini kukawa na ngozi mpya laini. Ijumaa hiyo Ayeyo aliinama, akainuka.

"Imepona. Umemaliza, enda nyumbani."

Mama yangu alipiga vigelegele palepale kwenye kabichi. Nilimtazama mama wa rafiki yangu nikitarajia naye atafurahi. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa, hakutazama mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi niliamka mapema nikashika debe kwa mazoea. Nikaona haya kulirudisha, nikaenda. Nilimkuta mama wa rafiki yangu peke yake. Alinitilia chai ingawa sheria haikumlazimu tena.

"Wewe ndio ulitia dawa," alisema.

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia nilitaka apone.

"Mimi nilikuwa nakataa ipone." Alisema pole pole, akitafuta kila neno, kwa kuwa Kiswahili hakikuwa chepesi kwake. "Kila asubuhi naosha na maji moto, natoa ile ngozi kidogo. Yeye analia, mimi pia nalia. Lakini naosha."

Sikumwelewa. Akanieleza. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameingia porini mwaka uliotangulia. Miezi miwili nyuma alimtumia mdogo wake habari kwa mdomo wa utingo wa lori la Merti: nifuate, bunduki ipo. Kijana alitaka kwenda siku hiyo hiyo. Halafu jiwe langu likampata. Tangu hapo kila Ijumaa alitakiwa sokoni kuonyesha mguu, na asipofika, mama yake hataweza kuuza maziwa, na hawakuwa na kitu kingine cha kuwalisha. Kwa hilo tu alibaki.

"Sasa hakuna kitu inamshika," alisema. "Lori inaenda Jumanne. Huyo mkubwa, nilishamlilia. Huyu ndio nimebaki naye."

Nilitoka mle nimebeba debe tupu. Nilikuwa nimeona maiti za vijana wa porini zikiletwa mjini na kulazwa chini ili watu wazitazame. Nilikumbuka "tia mingi" yake, nikataka kujipiga makofi. Jumapili kanisani sikusikia kitu. Nikafikiria kumwambia chifu, lakini chifu angemfunga, na waliofungwa kwa jambo hilo hatukuwaona wakirudi haraka. Ilipofika Jumatatu nilikuwa nimebakiwa na wazo moja, na lilikuwa la kipumbavu.

Saa tisa alasiri nilikwenda Chechelesi. Rafiki yangu alikuwa nje ya nyumba akichonga fimbo. Ndani nilisikia mama yake akisugua vibuyu. Nikamwambia kijana: nipige, unitoe damu.

Alinitazama. Akaelewa mara moja, hakuwa mjinga.

"Mama amekwambia."

"Nipige. Ukinipiga utabebea mama yangu maji."

"Sina hasira na wewe," alisema. Akarudi kwenye fimbo yake. "Enda nyumbani, fundi wa kombeo. Nitakuletea salamu."

Kusema kweli hapo ndipo nilipokasirika, kwa namna alivyosema "salamu", kama mtu anayekwenda sokoni Kinna. Nilijua hatanipiga kwa kumsukuma wala kwa kumtemea mate. Lilikuwapo jambo moja tu. Nikaanza kumtukana mama yake. Nilisema ananinywesha chai kwa woga, kwamba anajipendekeza kwa watoto wa serikali ili nyumba yake isichomwe. Alisimama, lakini hakuinua mkono. Nikasema la pili. Hilo la pili siliandiki, hata leo, mzee kama nilivyo, na wote waliolisikia wakiwa wamekwisha nisamehe au kufa. Nililisema kwa sauti. Ndani kule kusugua vibuyu kulikoma.

Fimbo ilinipata juu ya jicho la kushoto. Sikuiona ikija.

Nilifika hospitalini nimeshika shati usoni. Baba alinikalisha, akaosha, akachukua sindano na uzi. Alikuwa na sifa ya kushona vizuri, watu walisema kovu lake hulioni. Nikamshika mkono. Nikamweleza yote, pamoja na dawa niliyoiba. Alinisikiliza akiwa ameshika sindano ile ile. Nilingoja kofi. Akairudisha sindano kwenye sahani.

"Itakuwa kovu mbaya," alisema.

"Sawa, baba."

Akakifunga kidonda kwa kitambaa kitupu, bila mafuta, bila unga. Mikono yake ilikuwa mizito siku hiyo, na alirudia fundo mara mbili.

Jumanne lori la Merti liliondoka. Nilikuwa mlangoni kwetu tangu alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa nilipomwona rafiki yangu akija kutoka korongoni, debe kichwani, maji yakimmwagikia mgongoni. Dada zangu walijaa mlangoni mara moja. Mama yangu, ambaye mpaka hapo hakuwahi kumwingiza Mborana ndani, alisimama akijifuta mikono kwenye leso.

"Pita, mwanangu," alisema, kisha kwa ukali, kama aliyejishtukia, "na hiyo maji mingine iko wapi?"

Alimpa uji. Kijana aliuonja, akanitazama kwa jicho la mtu aliyewekewa sumu. Hakuwa amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumwomba. Ijumaa Ayeyo aliinama usoni kwangu, akakitazama kidonda, akautazama uso wa baba aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Bado." Alisema hivyo Ijumaa tisa. Ijumaa ya tano rafiki yangu alianza tena kucheza nami bao. Ijumaa ya saba alikubali kula kabichi za mama, akasema ni majani tu. Wakati huohuo habari zilikuja kwamba lile kundi la kaka yake limekutwa na jeshi mtoni, na kwamba hakuna aliyebaki. Aliketi jikoni kwetu siku nzima. Mama yangu alimwekea tu kigoda karibu na moto. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za malori.

Leo ni mzee mwenye wajukuu, na bado ananifunga bao.

Lakini nyumbani kwa mama yake sikukanyaga miezi ile yote, na sokoni nilimkwepa. Sheria haikuniita kwake, na haya ilinizuia. Ayeyo aliposema "Imepona," nilikwenda Chechelesi siku hiyo hiyo. Alikuwa ameketi na vibuyu vyake. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kiborana kidogo nilichokuwa nimekiokota, na yote yakapotea.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Akanitilia chai. Akanyoosha kidole, akaligusa lile kovu juu ya jicho langu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kovu lilikuwa baya kweli.

"Siku ile nilikuwa hapa ndani," alisema. "Nilisikia yote. Nilijua unataka nini."

Nikakitua kikombe chini.

"Ningetoka nje, hangekupiga. Nilikaa. Nilishika mdomo yangu na mikono mbili, nikangoja akupige." Kidole chake kilikuwa bado kwenye paji la uso wangu. "Wewe pia ni mtoto ya mtu. Nisamehe."